Jioni ya Musienene na Kamera ya Mfukoni

Musienene jua halitui, linaanguka. Mstari wa Ikweta unapita karibu nasi, kati ya Butembo na Lubero, mashariki mwa Kongo, na kwa sababu hiyo jua letu hushuka wima kuelekea milimani. Halitelezi upande upande kama lifanyavyo Ulaya, ambako jioni moja ya Juni inatosha kuchezea mechi nzima ya mpira. Wengi hudhani kwamba penye Ikweta jua huzama saa ileile mwaka mzima. Sivyo. Mwanzoni mwa Novemba huzama karibu saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, na katikati ya Februari hungoja mpaka saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi. Nusu saa hiyo naijua vizuri, maana ndiyo inayoamua kama nitauza picha au nitarudi nyumbani na kadi iliyojaa vivuli.

Kisichobadilika ni ufupi wa machweo yenyewe. Wataalamu hupima mwanga kwa kipimo kiitwacho luksi. Mchana wa jua kali una luksi kama 100,000. Jua linapozama kabisa zinabaki kama 400. Dakika 21 au 22 baadaye zimebaki 3 na kidogo. Ukikaa na kalamu utaona kwamba katika muda huo mwanga unapungua nusu kila baada ya dakika 3. Kwaya ikiimba wimbo mmoja mrefu wenye kuitikia, unaanza na mwanga wako na unaumaliza na robo ya mwanga huo.

Sasa weka harusi ndani ya dakika hizo. Mimi napiga picha za harusi, komunyo ya kwanza, diploma za shule na matanga. Watoto wa hapa wananiita Mama Foto. Katika harusi, saa iliyoandikwa kwenye mwaliko ni ya mapambo tu. Misa inachelewa, chakula kinachelewa, mjomba mwenye hotuba anachelewa kuliko wote. Halafu wageni wa Butembo wanaanza kutazama saa, kwa kuwa tangu hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, ilipoanza kutumika Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, na hata kabla yake, hakuna anayetaka kukutwa barabarani usiku. Basi kila kitu kinasukumwa pamoja: maharusi kuingia wakicheza, zawadi kuletwa kwa ngoma, shangazi kujitupa katikati. Yote hayo hutokea mwanga ukikimbia. Wageni wanataka picha ya shangazi, na shangazi hasimami.

Kamera yangu ni Canon PowerShot A480, iliyotoka mwaka 2009. Ilinifikia ikiwa imeshatumika, kwa njia wanayoijua wote waliowahi kununua kitu Butembo: wafanyabiashara wetu huleta mali kutoka Dubai na Guangzhou, inashuka Mombasa, inapita Kampala, inaingia Kasindi. Ina pikseli milioni 10 na inakula betri mbili za AA, zile za redio ndogo. Vijana wanaicheka. Naipenda kwa sababu ya hizo betri: umeme ukikosekana, au jenereta ikinyimwa mafuta, bado duka la jirani linauza betri. Lakini usinunue zile za bei ya chini kabisa. Zinawasha redio wiki nzima, kumbe kwenye kamera zinakufa baada ya flashi chache, na kabla ya kufa zinakungojesha sekunde nyingi kati ya flashi moja na nyingine. Nunua zile za kuchajiwa, uzichaji kwenye paneli ya jua mchana, na uwe na seti mbili.

Kwa nini kamera ndogo inahangaika gizani? Ndani yake, nyuma ya lenzi, kuna kibamba kinachopokea mwanga, wenyewe wanakiita sensa. Katika kamera za aina hii sensa ina upana wa milimita 6 na kimo cha milimita 4 na nusu, ndogo kuliko punje ya mahindi. Kamera kubwa za wapiga picha wa magazeti zina sensa ya milimita 36 kwa 24. Eneo lake ni zaidi ya mara 30 ya ile yangu. Hakuna ufundi unaoweza kulijaza pengo hilo. Ufundi unaweza tu kulizunguka.

Kamera ina njia tatu za kupambana na giza. Ya kwanza ni kufungua tundu la lenzi. Ya pili ni kuongeza wepesi wa sensa kuhisi mwanga, ile namba ya ISO, na hapo picha huanza kuota chembechembe. Ya tatu ni kuacha shata, yaani kilango cha mwanga, wazi kwa muda mrefu zaidi. Kamera ya mfukoni ikiachiwa ijiamulie yenyewe hupenda sana njia hii ya tatu, kwa sababu haijui kama kilicho mbele yake ni mtu anayecheza ama ni kabati. Ukumbi unaowashwa na taa mbili tatu za sola una luksi kama 50. Kwa ISO 400 na lenzi ikiwa wazi kabisa, kamera yangu hapo itataka karibu sehemu ya tisa ya sekunde. Ni muda mfupi ukihesabu kwa mdomo. Kwa mguu wa mchezaji ni safari.

Hesabu ya pikipiki itakuonyesha vizuri zaidi. Pikipiki inayokwenda kilomita 36 kwa saa inakata mita 10 kila sekunde. Shata ikikaa wazi sehemu ya 15 ya sekunde, pikipiki imesogea sentimita 67, na picha yako itaonyesha utepe wenye rangi ya koti la dereva. Kwa sehemu ya 250 imesogea sentimita 4 tu, na utaweza kusoma maandishi ya kwenye koti. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida husogea sentimita 9 katika ile sehemu ya 15. Ndiyo maana picha ya maandamano ya jioni hutoka na majengo makali na watu waliotikisika.

Hapo ndipo penye kosa ninalolikuta kila siku kwa wanaojifunza. Wakiona picha imetikisika wanadhani mkono ndio uliotetemeka, wanaenda kutafuta kitu cha kuegemea. Tazama picha yako kwanza. Kama ukuta wa nyuma na benchi vimetikisika pamoja na watu, kosa ni la mkono, na hapo kuegemea nguzo kunasaidia; mfuko mdogo wa maharagwe uliowekwa chini ya kamera juu ya ukuta unasaidia zaidi, na maharagwe sisi hatukosi. Lakini kama ukuta ni mkali na watu ni moshi, maharagwe hayana kazi. Ni watu ndio wanaosogea, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Dawa ya kwanza ni kuacha zumu. Kwenye kamera yangu, lenzi ikiwa haijavutwa tundu hufunguka hadi f/3.0; ukiivuta mpaka mwisho linabaki f/5.8. Mwanga unaoingia unapungua karibu mara nne. Yaani ile sehemu ya tisa ya sekunde inakaribia kuwa nusu sekunde nzima, kwa sababu tu ulikuwa mvivu wa kusogea. Juu ya hayo, zumu inakuza mtikisiko pamoja na sura. Mpiga picha wa kamera ndogo anavutia kwa miguu. Mimi ni mama mtu mzima, nimeshazoea kupenya katikati ya wachezaji nikiomba radhi, na nimegundua kwamba watu wanamsamehe haraka anayewakaribia akicheza kidogo.

Ya pili ni kuinyima kamera mwanga inaoudai. Kamera hutaka kila picha iwe na mwangaza wa wastani. Ikiona ukumbi wa giza inajitahidi kuufanya mchana, na juhudi hiyo inalipwa kwa muda. Tafuta alama ya jumlisha na kutoa kwenye menyu, uweke kutoa 1. Papo hapo muda wa shata unakatwa nusu: sehemu ya 15 inakuwa sehemu ya 30. Picha inatoka na giza kidogo, lakini ni usiku, giza ni haki yake. Angalizo moja la harusi: gauni jeupe likijaa kwenye picha, kamera inadanganyika upande wa pili, inadhani kuna mwanga mwingi, na uso wa bibi harusi unazama. Hapo rudisha kwenye sifuri, au weka jumlisha kidogo. Bwana harusi na suti yake nyeusi hufanya kinyume. Wanapokaa pamoja, pimia uso, maana hakuna atakayeulizia gauni kama uso haupo.

Flashi nayo ina maneno mengi, na mengi ni ya kuikosea adabu. Flashi ya kamera ya mfukoni hufika kama mita 3, basi. Ninaona watu wamekaa mwisho wa uwanja wanapiga flashi kuelekea jukwaani, wanawaka, wanazima. Mwanga wao unaishia kwenye visogo vya walioketi mbele. Mwanga wa flashi hupungua kwa kasi ya ajabu: umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo. Mchezaji aliye mita moja na nusu akitoka sawa, mwenzake aliye mita 3 anapata robo, na aliye nyuma zaidi hana kitu. Kwa hiyo nikipiga kikundi nawaomba wakae upinde kunizunguka, wote umbali mmoja. Na katika ngoma naingia pembeni ya duara, sio mbele yake, nichague wale watatu wanne walio umbali sawa nami.

Lakini ndani ya mita hizo 3 flashi ni mfalme. Inawaka kwa muda mfupi sana, sehemu ya 1,000 ya sekunde au hata chini yake, kwa hiyo inamkata mchezaji hewani hata kama shata yenyewe ni ya polepole. Kamera nyingi ndogo zina namna ya flashi inayochanganya mambo hayo mawili: flashi inawaka, na shata inabaki wazi kidogo ili taa za ukumbi nazo ziingie. Kwenye menyu huandikwa kama flashi ya polepole, au utaikuta chini ya alama ya mtu na mwezi. Matokeo yake ni mtu mkali ambaye nyuma yake kuna mikanda ya mwanga wa taa, na kitambaa anachopunga kimeacha njia hewani. Ukiweza kitu kimoja tu katika makala haya, weza hiki. Na uzime ile huduma ya kuondoa macho mekundu. Inawasha taa kwanza, inangoja, ndipo inapiga, na kufikia hapo mama mkwe ameshageuka.

Ukungu ni adui wa flashi. Tuko juu huku, Butembo yenyewe iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na jioni nyingi baridi hushuka na ukungu. Kiangazi ukungu ukiondoka, barabara inaleta vumbi. Flashi ya kamera ndogo imekaa karibu sana na lenzi, kwa hiyo inaangaza kila chembe iliyo mbele ya lenzi, na picha inajaa madoa meupe ya mviringo. Nimeshaletewa picha kama hizo na mtu anayetetemeka, anauliza kama ni roho za marehemu, kwa kuwa zilipigwa matangani. Nilimwambia aende apige tena mahali lori limepita sasa hivi, ataona roho mia. Penye ukungu au vumbi, zima flashi, utafute taa nyingine.

Taa nyingine zipo kuliko unavyofikiri. Taa ya pikipiki inayopiga ukuta mweupe inarudisha mwanga laini kwa watu walio katikati. Mlango wa kanisa saa kumi na mbili kasoro robo ni dirisha kubwa: msimamishe anayeimba karibu nao, uso ukitazama nje, nawe ukae nje ukimtazama. Moto wa matangani unatosha kwa walioketi karibu nao, na watu wa matangani, Mungu awafariji, hawasogei sana.

Yote hayo ni ya kamera. Lililobaki ni la mpiga picha, na kwangu ndilo lenye uzito: kila mwendo una mahali unaposimama. Mtu anaporuka, pale juu kabisa kabla hajaanza kushuka, amesimama. Tuseme ameruka sentimita 30. Katika sehemu ya kumi ya sekunde ya mwanzo, anapoachana na ardhi, mwili wake unapanda karibu sentimita 20. Katika sehemu ya kumi ileile, akiwa kileleni, anasogea sentimita moja na kidogo tu. Mtu yuleyule, kamera ileile, giza lilelile. Kwa kumpiga kileleni umepata faida ambayo kamera ya bei kubwa ingekuuzia kwa maelfu ya dola.

Ngoma zimejaa vilele vya namna hiyo. Mkono unaopunga husimama kila unapogeuza njia. Bembea husimama pande zote mbili. Mama anayetwanga husimama mchi ukiwa juu. Mpiga ngoma husimama fimbo ikiwa juu, kabla ya pigo, na ukisubiri usikie pigo umechelewa. Fundi wa mpira anayejiandaa kupiga penalti husimama mguu ukiwa nyuma. Hata mjomba wa hotuba, anayerusha mikono kama anafukuza nyuki, hushika pumzi baada ya kila sentensi anayodhani ni nzuri.

Kanisani nina bahati zaidi. Tangu mwaka 1988, Roma ilipoidhinisha misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, misa yetu inaweza kuwa na mwendo ndani yake: wakati wa Utukufu padre na wahudumu huizunguka altare wakicheza, na matoleo huletwa kwa hatua, si kwa kutembea tu. Hatua hizo zina hesabu. Wasichana wanaocheza misa wanakwenda mbili mbele, wanainama, wanarudi moja, na mwisho wa kuinama kuna pumzi ambayo wote wameishika pamoja. Naijua pumzi hiyo kwa sababu huwa nakwenda kwenye mazoezi yao. Siendi na kamera. Nakaa, nasikiliza, napiga kofi nao mpaka hesabu inaingia mwilini. Siku ya misa natazama kidogo tu, nasikia zaidi. Na kwa vile flashi haifai padre anapoinua hostia, ndipo nashukuru kwamba mikono iliyoinuliwa nayo imesimama kwa muda wa kutosha hata kwa Canon yangu.

Kuna jambo moja la kitufe ambalo bila hilo elimu yote ya vilele ni bure. Kamera ndogo inapobonyezwa mara moja mpaka chini inaanza kwanza kutafuta umbali, na gizani inaweza kutafuta karibu sekunde nzima. Kilele kimepita. Kwa hiyo bonyeza nusu kabla, ungoje alama ya kijani, ushikilie hapo kidole. Kamera imeshafunga umbali. Ukimalizia kubonyeza inaitika upesi. Ikikataa kupata umbali, uielekeze penye mstari wa rangi mbili zinazogombana, kama pindo la kitenge au kola nyeupe juu ya koti jeusi, palipo na umbali uleule. Koti jeusi tupu kamera hailioni. Zima pia ile tabia ya kukuonyesha picha baada ya kila moja. Wakati unaitazama, ngoma inaendelea bila wewe.

Sisi sio wa kwanza kupiga ngoma za usiku kwa kamera ndogo. Jean Depara, mzaliwa wa Angola aliyezeeka Kinshasa, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 ili apige picha za harusi yake mwenyewe. Miaka michache baadaye alikuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco, akizunguka na flashi yake baa na dansi za usiku za Léopoldville, jina la Kinshasa la wakati huo. Huko Bamako, Mali, Malick Sidibé alianza mwaka 1956 na Kodak Brownie Flash, sanduku la watu wa kawaida. Picha yake inayojulikana kuliko zote, ya usiku wa Krismasi mwaka 1963, ni ya kijana na msichana wanaocheza, vichwa vimekaribiana, macho yakitazama miguu. Siku hizo kila filamu ilikuwa na idadi ya picha, na kila flashi ilikuwa gharama. Hungeweza kumwaga picha mia ukitumaini moja itatoka. Yeye alikuwa ndani ya ngoma, karibu, akijua wimbo. Mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu. Sitaki kusema kwamba Brownie ndiyo iliyompa, lakini sitamvumilia tena kijana anayeniambia hana kamera nzuri.

Mtoto wa dada yangu ana simu mpya, na tunagombana. "Mama mdogo," ananiambia, "simu inaona usiku peke yake." Kweli inaona. Nilimwomba apige uwanja wa parokia giza likiwa limeingia, na picha ikatoka safi, mpaka mawe yanahesabika. Lakini simu inafanya hivyo kwa kupiga picha nyingi mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, na wakati huo wote inatarajia vitu vitulie. Nyumba zinatulia. Tulipompiga msichana anayeruka kamba, simu ilimpa miguu minne myepesi na uso wa mtu aliyelala. Ile kanuni ya kilele ilimsaidia na yeye, tena mara moja. Sasa anahesabu kwa sauti kabla ya kubonyeza, jambo linalowachekesha maharusi.

Unapotaka kupiga kitu kinachopita barabarani, pikipiki yenye mikungu ya ndizi au baiskeli inayoteremka kutoka sokoni, hakuna kilele cha kungoja. Kuna njia mbili. Ukisimama pembeni barabara inakopinda, dereva akija kuelekea kwako, mwendo wake hauonekani sana kwenye picha kwa kuwa hakati kutoka upande hadi upande, anakua tu. Njia ya pili ni kumfuata. Tega miguu kuelekea mahali atakapokuwa, geuza kiuno kumlaki, mkamate kwenye kioo akiwa mbali, ugeuke naye, ubonyeze huku unaendelea kugeuka, wala usisimame baada ya mlio. Kwa sehemu ya 30 ya sekunde dereva anatoka anasomeka na barabara nzima inakuwa mistari. Picha nyingi zitaharibika. Zifute palepale barabarani zisile nafasi.

Na barabarani kuna sheria isiyoandikwa kwenye kitabu cha kamera. Usielekeze lenzi kwa askari, kizuizi, gari la jeshi wala daraja. Usiwashe flashi usiku mahali ambapo mtu mwenye bunduki hajui wewe ni nani. Kwake ule mwako haumaanishi harusi. Kabla ya kumpiga picha mtu aliyelala matangani, muulize ndugu yake. Kama una mashaka, kamera ikae kwenye mkoba. Hakuna picha niliyoikosa kwa namna hiyo ambayo imewahi kuninyima usingizi.

Mwisho, zile chembechembe. Wanaoanza wanaziogopa, wanabaki ISO 100 mpaka usiku, wanaleta picha laini za mizimu. Fanya hesabu ya karatasi. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ambayo ndiyo tunayouza, inahitaji pikseli milioni 2 tu. Kamera yangu ina milioni 10. Mashine inapoipunguza picha hadi kwenye karatasi hiyo, pikseli tano zinakuwa moja, na uchafu mwingi wa ISO 800 unamezwa humo. Kwenye kioo cha kompyuta, ukiikuza, inatisha. Mkononi mwa bibi harusi hakuna anayeuona. Hata ISO 1600 naitumia bila aibu kama uso una mwanga wa upande mmoja. Ila kijana wa mashine Butembo namwonya asiiongezee mwanga, maana akiongeza anazifufua chembe zote na usiku unageuka majivu.

Kwa hiyo jioni naipanga kwa saa. Jua likiwa bado juu ya mlima napiga nyuso: wazazi, wasimamizi, kwaya nzima kwenye ngazi za kanisa, kila mtu ametulia. Hizo ndizo zinazolisha nyumba yangu, kwa kuwa picha yenye nyuso tisa ina wanunuzi tisa. Likizama, naingia kwenye ngoma bila zumu, kutoa 1, nikisikiliza hesabu. Likishakolea giza nawasha ile flashi ya polepole, nawakaribia mpaka mita mbili, napiga vitambaa na mikanda ya mwanga. Hizi za mwisho ndizo nizipendazo, na kwa muda mrefu hakuna aliyezinunua. Wateja walisema zimetikisika. Siku hizi wasichana wa kwaya wanazitafuta kwanza, kila mmoja anataka ile ambayo pindo la kitenge chake limeandika mduara hewani. Mama zao bado wanachukua zile za kwenye ngazi.